Kano ya kisigino imekatika: je, raketi itundikwe?

Wasomaji wa Mbeya, Iringa, Njombe na Tukuyu wametuandikia kuhusu majeraha ya mpira wa vinyoya. Barua zilikuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, hivyo tumechagua tano. Waliojibu ni mtaalamu wa fiziotherapia pamoja na kocha wa mchezo huo.

Shikamooni. Nina miaka 31, nacheza kwa mkataba katika klabu moja Dar es Salaam, na sasa niko nyumbani kwa mapumziko. Jumamosi nilikuwa nacheza na vijana ukumbini. Niliruka kurudi nyuma kufuata kinyoya cha juu, nikasikia "paa!" nyuma ya kisigino. Niligeuka nikidhani mtu amenipiga na raketi, kumbe hapakuwa na mtu. Duka la dawa wamenipa dawa ya kuchua na vidonge vya maumivu. Leo ni siku ya sita, natembea kwa kuchechemea na maumivu si makali. Wenzangu wanasema msuli umevutika tu. Nyumbani wananiambia nitafute kazi nyingine. Nishike lipi? (M., Uyole, Mbeya)

Marahaba, ndugu yetu. Kwanza acha kuukanyagia mguu huo. Dalili ulizoeleza, ule mlio na kule kugeuka kumtafuta aliyekupiga, ndizo wanazosimulia wengi waliokatika kano ya kisigino, ile kamba nene inayounganisha shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Katika vinyoya hukatika hasa mchezaji anapokanyaga nyuma kwa nguvu kisha papo hapo akajisukuma kwenda mbele. Wanaopatwa zaidi ni wa miaka thelathini na arobaini. Kwa kawaida kano huwa imeshaanza kuchakaa kimyakimya, na mara nyingi mwenyewe hakuwa na maumivu yoyote kabla ya siku hiyo.

Kinachowadanganya wengi ni kwamba unaweza kutembea. Iko misuli mingine midogo inayoweza kuinamisha unyayo hata kano kuu ikiwa imekatika, na maumivu hupoa baada ya siku chache. Basi mtu anaambiwa "umetenguka," anachuliwa, wiki zinapita.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Lala kifudifudi kitandani, miguu ikining'inia nje ya ukingo kuanzia kifundo. Mtu mwingine alibinye shavu la mguu mzima kwa kiganja: utaona unyayo unasogea kidogo kuelekea chini. Abinye na la mguu ulioumia. Unyayo ukibaki kimya, kano imekatika. Mara nyingi ukipapasa sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa wa kisigino utakuta kishimo laini, ingawa kufikia siku ya sita uvimbe unaweza kuwa umekifunika. Hata kipimo hiki kikikupa matumaini, bado nenda ukaonwe na daktari wa mifupa.

Nenda leo. Vipande viwili vya kano vinapoachana, msuli huvuta kile cha juu kwenda nyuma ya goti na nafasi ya katikati hujaa kovu laini. Ndani ya wiki mbili za kwanza daktari bado ana njia mbili za kuchagua: kukushona, au kukufunga huku vidole vimeelekezwa chini ili vipande vikutane vyenyewe. Zikipita wiki nne au zaidi, kazi hugeuka kuwa ya kurefusha kano au kuazima nyingine kutoka mguuni mwako. Hapo ndipo wachezaji wengi hupotea. Kano iliyokatika ikiwahiwa haimalizi mchezaji kwa urahisi, lakini iliyokatika ikachuliwa mwezi mzima humaliza.

Kushonwa au kutoshonwa? Kushona kunapunguza uwezekano wa kukatika tena, lakini kuna hatari ya kidonda kuingia wadudu na ya kuguswa kwa mshipa wa fahamu unaopita pembeni. Kutoshona nako huleta matokeo mazuri ikiwa umefungwa mapema, vidole chini, na ukafuata mazoezi bila kuruka hatua. Kwa mchezaji anayelipwa, wapasuaji wengi huelekea kushona. Uamuzi ni wenu wawili, wewe na daktari, na una haki ya kumuuliza kwa nini amechagua njia fulani.

Mpangilio wa kawaida ni huu, na daktari wako anaweza kuubadili. Wiki mbili za kwanza unafungwa P.O.P, ile plasta ngumu, vidole vikiwa vimeelekea chini, unatembea kwa magongo. Kisha unahamia kwenye buti maalumu lenye vipande vitatu vya kabari chini ya kisigino. Unaanza kukanyagia kidogokidogo, na kabari moja hutolewa kila baada ya wiki moja au mbili. Buti hulala nawe kitandani, usilivue usiku hata kama linawasha. Kati ya wiki ya nane na ya kumi unarudi kwenye viatu vya kawaida, ukiwa umeweka kipande cha sentimita moja hivi chini ya kisigino, kwenye viatu vyote viwili ili usitembee upande.

Kosa kubwa la kipindi hiki ni kuinyoosha kano. Mtu anahisi mguu umekakamaa, anasimama kwenye ngazi na kudondosha kisigino chini. Kano ikipona ikiwa ndefu, msuli hauna tena pa kuvutia. Utatembea vizuri, hata kukimbia utakimbia, lakini kule kujisukuma kwa ghafla kutoka pembe ya nyuma hakutarudi, na hakuna zoezi la baadaye litakaloifupisha. Kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza usinyooshe. Hicho pia ndicho kipindi ambacho kano hukatika tena kwa urahisi kuliko kingine chochote, mara nyingi kwa jambo dogo kama kuteleza bafuni au kukimbilia daladala.

Baada ya wiki ya kumi na mbili ndipo nguvu inajengwa. Anza kunyanyuka kwa vidole vya miguu yote miwili, marudio 15 mara tatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Ukiweza bila maumivu, nyanyuka kwa miwili lakini ushuke kwa mmoja, polepole, ukihesabu hadi tatu. Mwisho nyanyuka kwa mmoja. Lengo ni marudio 25 ya mguu mmoja, kisigino kikipanda juu sawasawa na cha mguu mzima. Pima kwa kuchora mstari ukutani. Wengi hufikia idadi lakini kisigino kinapanda nusu, na nusu hiyo ndiyo smashi ya kuruka, lile pigo kali la kutoka juu kwenda chini, uliyoipoteza. Kukimbia polepole huanza mwezi wa nne au wa tano, na kamwe si kabla ya kuweza kunyanyuka kwa mguu mmoja. Kuruka kamba hufuata. Mwezi wa sita unaingia uwanjani bila kinyoya, unakanyaga pembe sita: sekunde 20 kazi, 40 pumziko, mara sita. Tanguliza pembe mbili za mbele, kisha za kati, na za nyuma ziwe za mwisho. Mechi ya kweli ni mwezi wa tisa na kuendelea. Wapo wanaohitaji mwaka mzima.

Mambo mengine matatu, tafadhali. Mguu uliofungwa unaweza kugandisha damu ndani ya mishipa. Ukitakiwa kwenda Dar kwa basi, zaidi ya kilomita 800, mweleze daktari kabla ya kukata tiketi. Anaweza kukuandikia dawa ya kuzuia damu kuganda. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au ukianza kuhema kwa shida, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Pili, kumbuka kama miezi michache iliyopita ulimeza ciprofloxacin au levofloxacin, dawa ambazo madukani kwetu hutolewa kwa urahisi kwa tumbo au mkojo. Jamii hiyo ya dawa inajulikana kudhoofisha kano, ya kisigino kuliko zote. Mwambie daktari, na siku nyingine uliza kama ipo dawa mbadala. Tatu, usikubali sindano ya steroidi ndani ya kano hiyo, hata wakisema ni ya kupunguza maumivu.

Kuhusu klabu, wape taarifa kwa maandishi wiki hii, ukiambatanisha ripoti ya daktari yenye tarehe, na ubaki na nakala. Kama mkataba wako ni wa ajira, uliza kama mwajiri anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Ila jiandae kwa swali la wapi uliumia: fidia ni ya ajali itokanayo na kazi, nawe ulikuwa likizo. Soma kifungu cha matibabu cha mkataba wako kabla hujazungumza na yeyote kuhusu kuuvunja.

Habari za kazi. Binti yangu ana miaka 19, anacheza kwa mkono wa kulia. Mwezi uliopita alitua vibaya, goti la kushoto likavimba jioni ile ile. X-ray ikaonyesha mifupa ni mizima, tukamshukuru Mungu. Uvimbe uliposhuka akarudi mazoezini, goti likamwachia mara mbili. Sasa daktari anataka MRI na anataja upasuaji. Tatizo ni kwamba amealikwa nje ya nchi baada ya miezi sita, kwenye majaribio ya kucheza kwa malipo. Je, hakuna njia ya mkato? (Mama wa mchezaji, Gangilonga, Iringa)

Mama, pole sana. Njia ya mkato haipo, na tunakuomba umzuie kucheza kuanzia leo, hata yale mazoezi mepesi.

X-ray huonyesha mifupa. Ligamenti, yaani kamba inayoshikilia mfupa na mfupa, haionekani pale, kwa hiyo picha safi haimaanishi goti ni zima. Goti linalovimba ndani ya saa chache kwa kawaida lina damu ndani yake, na goti linalomwachia mtu akigeuka linaelekeza kwenye ligamenti inayopita katikati ya goti, ile magazeti ya michezo huiandika ACL. MRI, picha ya sumaku inayoonyesha sehemu laini za mwili, itathibitisha, na itaonyesha pia hali ya menisko, zile gegedu mbili zenye umbo la mwezi mchanga zinazobeba uzito wa mwili. Hizo ndizo zinazotutia hofu. Kila goti linapomwachia, zinasagwa. Ligamenti inaweza kutengenezwa upya kwa kano iliyochukuliwa nyuma ya paja au chini ya kifuniko cha goti. Gegedu iliyosagika haina kipuri. Kabla ya kusafiri, uliza hospitali kama mashine inafanya kazi wiki hiyo na kama bima yenu inagharamia. Ikibidi, omba barua ya rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambako upasuaji wa goti kwa matundu madogo hufanyika.

Tunapenda akisome kisa cha Carolina Marín wa Hispania, bingwa wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016 na bingwa wa dunia mara tatu. Januari 2019 alikatika ACL ya goti la kulia katika fainali ya Indonesia Masters. Septemba mwaka huo huo alishinda China Open, kwa hiyo inawezekana kurudi, tena juu kabisa. Lakini mwaka 2021 likaumia goti la kushoto, akaikosa Olimpiki ya Tokyo. Agosti 2024, katika Olimpiki ya Paris, akiwa anaongoza nusu fainali kwa seti moja na pointi 10 kwa 6 katika ya pili, goti la kulia likaachia tena. Alijaribu kuendelea akiwa amevaa bendeji ngumu, akapoteza pointi mbili, akatoka uwanjani akilia. Huyo ni mtu mwenye madaktari wake, wataalamu wake wa mazoezi na nidhamu ya chuma. Goti lililokwisha kuumia linadai heshima maisha yote.

Mwoneshe pia An Se-young wa Korea Kusini. Aliumia goti Oktoba 2023 katika fainali ya Michezo ya Asia kule Hangzhou. Baada ya kutwaa dhahabu Paris alisema wazi kwamba jeraha lilikuwa zito kuliko alivyoambiwa mwanzoni. Kama bingwa wa dunia anaweza kupewa jibu pungufu la kwanza, basi wewe kutafuta jibu la pili si utovu wa adabu kwa daktari.

Sasa kalenda. Kabla ya upasuaji goti lisiwe na uvimbe, linyooke kabisa na paja liwe na nguvu. Goti linaloingia chumba cha upasuaji likiwa limekakamaa hutoka limekakamaa zaidi. Hii huchukua wiki kadhaa za kazi ya kila siku: kukaza paja huku goti limenyooka, sekunde 10, mara 10, asubuhi, mchana na jioni, kisha baiskeli ya kukaa, na kuchuchumaa nusu. Baada ya upasuaji, kazi ya wiki mbili za kwanza ni moja: goti lilale limenyooka sawa na lingine. Asiweke mto chini ya goti. Mto unamliwaza lakini unalifunga goti likiwa limekunjwa, na sentimita chache za mkunjo zitambakisha akichechemea. Kukimbia kunakuja mwezi wa tatu au wa nne, kuruka baada ya hapo, na mechi haiji kabla ya mwezi wa tisa. Kwa vijana wa umri wake tungefurahi akingoja mwaka, maana ndio wanaoongoza kwa kukatika mara ya pili.

Tarehe peke yake haitoshi kumruhusu. Nguvu ya paja la kushoto ifikie angalau asilimia 90 ya la kulia. Aruke kwa mguu mmoja mara tatu mfululizo, mpime kwa futi kamba: umbali nao uwe asilimia 90 au zaidi. Mrekodi kwa simu akitua kutoka kwenye kiboksi cha sentimita 30. Goti likiangukia ndani kuelekea lile jingine, bado hajawa tayari, hata kama hasikii maumivu.

Hilo la kutua lina maana kubwa kwake. Mchezaji wa mkono wa kulia anapofuata kinyoya cha juu kwenye pembe ya nyuma kushoto, huegemea upande huo na kutua kwa mguu wa kushoto peke yake, mwili ukiwa bado unazunguka. Ndipo magoti mengi ya wanavinyoya hukatikia. Kocha wake amfundishe kuwahi kwa hatua mbili fupi badala ya mruko mmoja mrefu, na kutua goti likiwa limekunjwa, vidole na goti vikitazama upande mmoja.

Waandikieni wenyeji wa majaribio sasa hivi, mkiambatanisha barua ya daktari, mwombe tarehe isogezwe kwa mwaka mmoja. Klabu inayomtaka kweli itasubiri. Ile isiyosubiri ingemchezesha na goti bovu.

Nikitenguka kifundo, bibi hunikanda kwa maji ya moto kisha fundi wa kuchua anakuja "kurudisha mshipa." Nikatae? (Tukuyu)

Bibi apewe heshima yake, lakini mwombe asubiri siku tatu. Katika siku hizo bado kuna damu inavuja ndani, na moto pamoja na kuchua vinaiongeza. Funga mguu kwa bendeji ya kuvutika kuanzia vidoleni kwenda juu, nyanyua mguu juu ya kiwango cha moyo, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 kila baada ya saa mbili au tatu. Maji ya moto yana nafasi yake baadaye, kulegeza misuli. Kuvuta na "kurudisha" ndiko ukukatae kabisa. Na kama huwezi kupiga hatua nne, au mfupa wa kifundo unauma ukibonyezwa kwa nyuma, nenda ukapigwe X-ray.

Nafundisha vijana 24 kwenye ukumbi wa shule, sakafu ni ya saruji. Kila mwaka Juni na Julai naona visigino, magoti na mashavu ya miguu vinaumia zaidi, na vinyoya vinakatika kama majani makavu. Nifanye nini bila bajeti? (Mwalimu wa michezo, Mafinga)

Mwalimu, umeona sawa, na mambo hayo mawili yana chanzo kimoja: ubaridi na ukavu wa msimu.

Saa kumi na mbili asubuhi ya Julai kule kwenu, msuli unahitaji muda kuamka. Dakika tano za kuzunguka uwanja hazitoshi. Fanya 15: tano za kukimbia taratibu na kwenda upandeupande, tano za kupiga hatua ndefu za mbele na kunyanyuka vidole (marudio 15 mara mbili), na tano za kukanyaga pembe bila kinyoya, kasi ikipanda. Sweta lisivuliwe hadi jasho litoke, na anayesubiri zamu alivae tena. Tunaona mara nyingi kijana ameota jasho, amekaa benchi dakika ishirini, kisha ameingia moja kwa moja na smashi. Shavu la mguu lilikwisha kupoa.

Saruji hairudishi mguu, inaupiga. Huwezi kuibomoa, lakini unaweza kuhesabu miruko. Mazoezi ya smashi ya kuruka yasizidi siku mbili kwa wiki na yasifuatane. Panguseni sakafu kwa kitambaa kilichokamuliwa sana kabla ya kila kipindi, kwa sababu vumbi la saruji linatelezesha. Na wekeni kitambaa chenye unyevu pembeni wachezaji wafutie soli. Viatu ni nusu ya kinga. Raba za kukimbilia zina kisigino kinene kinachomwinua mchezaji, na akikanyaga upande kifundo kinapinduka. Mnaponunua mtumba, iwe Mafinga au soko la Mwanjelwa, Mbeya, tafuteni kiatu chenye soli ya mpira, bapa na ya chini. Bonyeza soli kwa ukucha: ikiacha alama kidogo, bado ina uhai; ikiwa ngumu kama kigae, iache. Kunja kiatu pia, uone kama gundi inaachia pembeni.

Kinyoya sasa. Kina manyoya 16 na uzito wa gramu 4.74 hadi 5.50. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, kwa hiyo kinaruka mbali kuliko Dar. Mbeya mjini tu ni mita 1,700 hivi juu ya bahari. Namba kwenye kopo ni ya kasi, ikiwa kubwa kinyoya kinakwenda mbali zaidi. Mkinunua namba 77 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, kila pigo litatoka nje, na vijana watalazimika kurudi nyuma kwa pupa, jambo ambalo halifai visigino vyao. Anzeni na namba 75. Kwa vinyoya vya plastiki chagueni vya mkanda wa kijani, ndivyo vya polepole. Ila baridi nayo inakizuia kidogo, kwa hiyo pimeni siku hiyo hiyo: simama juu ya mstari wa nyuma, piga kutoka chini kwa nguvu zote sambamba na mstari wa pembeni. Kinyoya sahihi kinaangukia kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili.

Kukatika manyoya ni ukavu. Usiku wa kuamkia mazoezi, fungua kopo pande zote mbili, pitisha mvuke wa birika upande wa manyoya kwa sekunde tano hadi kumi, funga, acha hadi asubuhi. Kichwa cha kinyoya, kile cha kizibo, kisilowe, kikilowa kinyoya kitakuwa kizito na kitayumba. Kinyoya kilichopata mvuke hudumu zaidi kwa wazi kabisa, na hiyo ndiyo bajeti yako, Mwalimu.

Daktari ameniambia mashindano basi. Goti limeshafanyiwa upasuaji mara mbili. Nina miaka 28 na sijui kazi nyingine. Kuna wakubwa waliomalizwa hivi? Na mtu anaishije baadaye? (Dada wa Njombe)

Dada, pole, na wapo. Kento Momota wa Japani alishinda mataji 11 mwaka 2019. Januari 13, 2020, asubuhi baada ya kutwaa Malaysia Masters, gari lililokuwa linampeleka uwanja wa ndege lilipata ajali, dereva akafariki. Momota alivunjika mfupa unaozunguka jicho, akafanyiwa upasuaji, akasumbuliwa na kuona vitu viwiliviwili. Alirudi, alishinda mechi, lakini hakurudi kuwa yule wa 2019, na Aprili 2024 alitangaza kuiaga timu ya taifa. Hakuna aliyesema hakujitahidi.

Ulichonacho wewe ni miaka ya kuujua mchezo, na nyanda za juu hazina watu wengi wa namna hiyo. Ukocha unaufahamu. Kazi ya mwamuzi wa mechi tungekushauri uifikirie pia, maana goti halikimbii: mwamuzi amekaa kwenye kiti kirefu, na kuna mwamuzi wa uanzishaji anayeangalia, pamoja na mengine, kwamba kinyoya chote kiko chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni kinapopigwa. Anza kwa kujiandikisha kupitia ofisa michezo wa mkoa na Chama cha Mpira wa Vinyoya Tanzania, uulize kozi ijayo ni lini. Ngazi za juu ni za Afrika, kisha dunia.

Lakini kazi inayoweza kukuingizia chochote mapema ni kufunga nyuzi za raketi. Kwa sasa raketi nyingi za Njombe na Iringa husafirishwa Dar kwa basi zikafungwe, au zinachezwa zikiwa zimelegea. Mashine ya uzito wa kuning'inia haihitaji umeme, na kwa kukatika kwa umeme kulivyo ni bora uanze nayo. Raketi moja hula takriban mita 10 za uzi, kwa hiyo roli ya mita 200 inakupa raketi 20. Wanaoanza wafungie kwa mvuto wa paundi 20 hadi 22, wenye mkono uliokomaa 24 hadi 27. Ukimpa anayeanza paundi 27 kwa sababu ameona wakubwa wanazitumia, eneo zuri la kupigia linakuwa dogo, atapiga pembeni, na kiwiko kitaanza kumuuma.

Nyuzi za wima huwa 22. Anza katikati, uende kushoto na kulia kwa zamu. Upande mmoja usiutangulie mwingine kwa zaidi ya nyuzi mbili, la sivyo fremu inajikunja. Nyuzi za mlalo ongeza paundi moja au mbili, ili raketi isibaki fupi na pana. Kagua kila kijipete cha plastiki kwenye matundu kabla ya kuanza: kilichopasuka kitaukata uzi ndani ya wiki, na mteja atakulaumu wewe. Chunguza pia kama fremu ina ufa, ukiwa na mwenyewe hapo hapo, umwonyeshe kabla hujaivuta. Na raketi ikikujia uzi mmoja umekatika, usiiache hivyo hadi kesho. Kata nyuzi zote zilizobaki mara moja, ukianzia katikati kwenda nje, wima na mlalo kwa pamoja, kwa sababu mvuto wa upande mmoja hupinda fremu ikiwa imelala tu mezani.